Mbweha Walivyokwisha kwa Tamko

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake siwezi kuwatajia kwa sababu limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho na halijarudi. Wananchi kwa sasa wanaiita "hapa". Ukiwauliza ni watu wa wapi, watakujibu, "Sisi ni wa hapa," na sijasikia aliyepotea njia ya kwake kwa sababu hiyo. Basi hapa, katika wilaya iitwayo Mtambalale, alikuwepo bwana mmoja, Anzuruni Kichao, ambaye cheo chake kilikuwa Mlengaji wa Wilaya. Kazi yake ilikuwa kuwapiga risasi mbweha waliokuwa wakisumbua karibu na nyumba za watu na mabanda ya kuku.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na aliifanya vizuri, jambo ambalo katika nchi ile humtia mtu mashakani. Kabla ya kuinua bunduki alitazama kwanza nyuma ya mbweha. Kama nyuma kuna nyumba, hapigi. Kama kuna njia ya watu, hapigi. Kama kuna mwamba, hapigi pia, maana risasi ikidunda haichagui. Alisubiri mpaka nyuma ya mnyama kuwe na kichuguu au tuta la udongo, ndipo alipopiga, mara moja tu, nyuma kidogo ya bega, na mnyama akalala palepale. Mwenye kuku aliinua mikono kushukuru, Anzuruni akajaza fomu, akarudi kwake.

Hiyo fomu nayo ilikuwa na mambo yake. Kanuni za Ulengaji, kitabu cha kurasa mia mbili na kumi, zilitaka mbweha apigwe saa za kazi tu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, ukitoa mapumziko ya chai. Zilitaka pia aonywe mara tatu kwa lugha ya taifa, kwa sauti ya upole, apewe nafasi ya kuondoka kwa heshima. Akishapigwa, nakala ya manjano ibaki ofisini na nakala ya bluu ibaki na mbweha. Mbweha wengi, kwa utovu wao wa nidhamu, walikuwa wakija baada ya saa tisa na nusu. Anzuruni aliyanong'ona maonyo yale ndani ya shati lake, na saa ya mkononi aliirudisha nyuma kidogo pale ilipobidi. Ndivyo kuku wa Mtambalale walivyoishi.

Lakini Anzuruni alikuwa na ganzi. Ilimwanzia bega la kulia, pale kitako cha bunduki kinapokaa, ikateremka, ikasambaa. Mwaka wa tano hakumhurumia tena mbweha. Mwaka wa kumi hakufurahi tena pamoja na mwenye kuku. Mwaka wa kumi na tano mkewe, Somoe, alimpikia mchuzi usio na chumvi makusudi, siku tatu mfululizo, aone kama atasema kitu. Anzuruni alikula akamaliza, akasema ahsante, na siku ya nne Somoe akairudisha chumvi kwa ajili yake mwenyewe.

*

Sasa tuje kwenye Tamko. Mkuu wa nchi ile alijulikana kwa cheo cha Mlinzi Mkuu wa Mabanda, na alikuwa amechaguliwa kwa kura zote pamoja na nyingine za akiba. Alhamisi moja redio ilikata taarabu katikati, ukapigwa wimbo wa taifa, kisha mwenyewe akaingia hewani.

"Ndugu wananchi, na ninyi kuku wapendwa," alisema, maana alikuwa na desturi ya kutobagua mtu yeyote. "Leo hii, saa nne na dakika kumi asubuhi, mbweha wamekwisha. Nasema wamekwisha! Sikuwamaliza kwa risasi, maana risasi ni njia ya watu wasiojiamini. Nimewamaliza kwa msimamo. Nilisimama, wakakwisha. Kuanzia sasa mtu akiona mbweha, ajue kasoro iko kwenye macho yake, na Serikali yenu sikivu imekwisha kumjengea kambi ya kuyarekebisha macho hayo, bila kumtoza chochote."

Kambi yenyewe iliitwa Kambi ya Kuona Vizuri. Watu walipelekwa huko na wengine walirudi wakiona vizuri sana, kiasi kwamba ukiwauliza hali ya hewa walikuuliza kwanza wewe unaionaje. Wengine waliona vizuri zaidi, hawakurudi. Msinitazame hivyo jamani, mimi nasimulia tu.

Mkuu wa Wilaya ya Mtambalale, Mheshimiwa Ng'itu, aliagiza sherehe. Kuku walipangwa uwanjani kwa mistari, kila mmoja amefungwa utepe mguuni, wakasomewa risala waliyoiandika wenyewe. Anzuruni hakufukuzwa kazi. Alibadilishiwa cheo tu, akawa Mlengaji wa Kumbukumbu, akanyang'anywa risasi zote isipokuwa moja, ambayo aliambiwa aitunze kwa ajili ya kupiga saluti siku ya msiba wa kitaifa. Aliiweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Somoe alimuuliza kama ameumia moyoni kuvuliwa kazi. Akafikiri kwa haki kabisa, akatafuta, akasema hapana.

*

Mbweha hawakuwa na redio. Hapo ndipo matatizo yote yalipotokea, na binafsi naona ni uzembe wa wizara kutowafikishia taarifa. Kwa kuwa mlio wa bunduki haukusikika tena, walianza kuja magharibi, wakasogeza wakaja alasiri, na mwezi wa pili wakawa wanaingia uani wakati watu wamekaa mkekani wanakula chakula cha mchana. Watu walitazama sahani zao. Kuku alipolia, walipandisha redio.

Aliyeshindwa kutazama sahani yake ni Bi Sikudhani. Huyu alikuwa mjane, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, hana mtoto, hana shamba, ana kuku. Walikuwa ishirini na watatu, na kila mmoja alimpa jina la wifi yake mmoja au mwingine, maana marehemu mumewe alizaliwa katikati ya dada wengi wenye midomo. Mbweha alipombeba wa kwanza, Bi Sikudhani alicheka sana, kwa sababu yule ndiye wifi aliyemnyima khanga siku ya harusi. Alipombeba wa kumi na mbili, hakuwa akicheka tena. Alijifunga khanga kiunoni akaenda ofisi ya wilaya.

Alimkuta Katibu Mchopa, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na zote za rangi moja.

"Karibu bibi. Kuku wako wamepatwa na nini?"

"Wamebebwa na mbweha."

Mchopa aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. "Bibi, hebu anza upya."

"Wamebebwa na mbweha, mwanangu. Kumi na wawili sasa."

"Tuna fomu nzuri hapa," alisema Mchopa kwa haraka. "Fomu ya Kuku Aliyeondoka kwa Hiari Yake. Unachagua sababu. Ndoa, kutafuta maisha, au ugomvi wa kifamilia."

"Kwa hiari? Mimi nimeiona miguu yake ikining'inia mdomoni!"

"Huo ni usafiri, bibi. Hapa tunashughulika na nia."

Bi Sikudhani alisema hajawahi kumwona kuku akiaga, fomu akaiacha mezani, akatoka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Anzuruni, akamkuta kibarazani anaipaka mafuta bunduki ambayo haikuwa na kazi. Somoe akamkaribisha, akamtandikia, akamletea maji.

"Shikamoo bibi," alisema Anzuruni.

"Marahaba mwanangu. Mimi sina maneno mengi. Mbweha wameniachia kuku kumi na mmoja. Hao wakiisha, nami nimekwisha."

Anzuruni aliingia ndani, akalishusha lile kopo la majani ya chai. Kwa nini? Watu wa Mtambalale wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ni huruma, ila mimi nadhani ni mazoea tu, alisikia mtu anataja kuku na mbweha, na miguu yake ikajua njia.

Kesho yake saa nane mchana alikuwa nyuma ya banda la Bi Sikudhani, amelala kifudifudi kwenye majani makavu, bibi mwenyewe amejifungia ndani. Mbele yake kulikuwa na kichuguu kikubwa, na kati ya kichuguu na banda kulikuwa na uwazi wa hatua kama ishirini. Mbweha alitokea upande wa mihogo. Hakunyatia wala hakukimbia, alikuja kama mtu anayerudi nyumbani kwake kutoka kazini, na ubavuni alikuwa na unyoya mweupe umenata. Anzuruni alingoja apite mbele ya kichuguu. Akanong'ona yale maonyo matatu. Akavuta.

Mbweha alilala. Udongo ukaimeza risasi. Na kwenye bega la kulia la Anzuruni, mahali ambapo palikuwa pamekufa kwa miaka, pakapita joto kidogo, likakaa, halafu likaondoka. Alibaki amelala pale chini muda, akilisubiri lirudi.

Kwa kawaida ya watu wa Mtambalale, mbweha aliyeuawa hutundikwa langoni kwa mwenye kuku, na mwenye kuku hupiga vigelegele. Jirani akivisikia huchota mahindi ngumi moja, huja kuwamwagia kuku waliosalia, husema pole na hongera kwa pamoja, huenda zake. Ni jambo la adabu, na asiyekuja husemwa. Bi Sikudhani hakufikiri mara mbili. Alimtundika mbweha langoni kwa kamba ya katani, akapiga vigelegele ambavyo havijasikika tangu Tamko.

Majirani wakatoka. Walifika na ngumi zao za mahindi, wakasimama mbele ya lango wakimtazama yule aliyetundikwa, na hakuna aliyemtaja jina.

"Hongera, bibi," alisema mmoja.

"Hongera ya nini?" aliuliza mwingine aliye makini.

"Hongera tu."

Wakamwaga mahindi wakaondoka haraka. Laiti mmoja wao angemwambia bibi anyamaze, amshushe yule mnyama, amfukie mihogoni, hii hadithi ingeishia hapa na sote tungekwenda kulala. Lakini kumkatiza mtu vigelegele ni kukosa adabu, na watu wa Mtambalale wana adabu sana. Kuku hawakuwa wamemaliza mahindi gari la wilaya likafika, likawachukua watatu: Bi Sikudhani, Anzuruni na mbweha. Mbweha alikaa mbele na dereva, maana yeye alikuwa kielelezo cha Serikali.

*

Uchunguzi ulichukua siku tatu, na zilikuwa siku za jua. Mnyama aliwekwa juu ya meza ya mikutano, akafunikwa kitambaa cha maua. Wataalamu walikuja, wakampima urefu, wakampima masikio, wakakubaliana kwamba ni mnyama. Swali lilikuwa mnyama gani. Mbweha hawezi kuwa, hao wamekwisha saa nne na dakika kumi. Mmoja alisema labda ni mbweha wa nchi jirani, wakampekua, hakuwa na hati ya kusafiria. Siku ya tatu Mheshimiwa Ng'itu akaamua kwamba jambo hili litamalizwa na neno la bingwa, na bingwa wa wilaya nzima alikuwa mmoja.

Asubuhi ya kikao alimwita Anzuruni ofisini kwake, akamsukumia kikombe cha chai.

"Kichao, nikuulize kama ndugu. Ulipiga nini?"

"Nilipiga mbwe—"

"Subiri! Usilimalize hilo neno humu ndani. Nina watoto." Mheshimiwa alijifuta jasho. "Sikiliza. Kama ni hicho unachotaka kukitaja, maana yake Mlinzi Mkuu alisema jambo lisilokuwepo, na wewe umetumia risasi ya msiba wa kitaifa kumuumbua. Utakwenda kambini wewe, atakwenda bibi, na mimi nitawafuata kwa kosa la kuwasikia. Lakini kama ni mbwa, ni mbwa bwana. Mbwa wanakufa kila siku."

"Na bibi?"

"Bibi anarudi kwa kuku wake. Kesi ya mbwa ni kesi gani?"

Anzuruni alikunywa chai. Haikuwa na sukari au ilikuwa nayo, hakujua.

Kwenye ukumbi wa nje alimkuta Bi Sikudhani amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, askari amesimama kando yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kuku wangu wamekula?"

"Somoe anawapelekea."

"Mwambie ahsante. Na wewe usinitetee, mwanangu, mimi sitaki maneno makubwa. Sema ulichokiona tu, twende nyumbani."

Kikao kilifunguliwa kwa wimbo, kisha dua, kisha hotuba ya Mheshimiwa Ng'itu iliyokuwa na sehemu nne, na sehemu ya pili ilirudiwa kwa sababu aliipenda. "Sisi," alisema, "ni taifa linaloongozwa na ushahidi. Hatumwonei mtu, hatumwonei mnyama. Shahidi, simama. Wewe umewatazama wanyama hawa kwa miaka kumi na tisa. Tuambie, mbele ya watu wote, huyu ni nani?"

Mchopa akafunua kitambaa. Nzi wakainuka. Anzuruni alimtazama yule mnyama, mkia mzito wenye ncha nyeusi, masikio marefu, pua nyembamba, na lile tundu dogo nyuma ya bega ambalo alilitoboa mwenyewe. Alijua kabisa. Alijua pia kwamba Bi Sikudhani anamtazama. Akatafuta ndani yake kitu cha kumsukuma upande mmoja au mwingine, akatafuta hata lile joto la begani, hakukuta kitu. Basi akachukua jibu lililokuwa karibu.

"Mbwa," alisema.

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Ilikuwa rahisi mno. Mtu aliyekaa nyuma alipiga makofi, akatulizwa.

Ndipo Mchopa aliposimama, kitabu mkononi. "Mheshimiwa, kwa kuwa sasa imethibitika ni mbwa, naomba kusoma Sheria ya Mbwa, kifungu cha tisa. Mbwa yeyote ni mali ya ua alimokutwa. Mbwa huyu alikutwa ua wa mshtakiwa. Kwa hiyo mshtakiwa alifuga mbwa asiyeandikishwa. Alimnyima chakula, mpaka mbwa mwenyewe akalazimika kula kuku kumi na wawili. Halafu alimwita mlengaji akamuua, akamtundika langoni, akamsingizia kuwa ni mnyama ambaye hayupo. Makosa matatu, Mheshimiwa, na la tatu ni la macho."

"La macho linatosha," alisema Mheshimiwa Ng'itu kwa huzuni ya kikazi. "Kambi ya Kuona Vizuri, mpaka atakapoona vizuri."

Anzuruni aliinuka kabla hajaambiwa. "Mheshimiwa, wewe uliniambia..."

"Nilikuambia nini, shahidi?" Mheshimiwa aliuliza polepole, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Anzuruni. Askari mlangoni alihamisha mguu mmoja. Kalamu ya Mchopa ilikuwa tayari juu ya karatasi.

Anzuruni akasema, "Hakuna kitu." Akaketi.

Bi Sikudhani hakupiga kelele, na watu waliokuwa wamejiandaa kuziba masikio walibaki na vidole hewani. Alipokuwa anapitishwa karibu na shahidi alisimama, na askari, ambaye naye alikuwa na bibi yake nyumbani, alimwacha asimame.

"Anzuruni, mwanangu. Mbwa gani ana mkia ule?"

Akaiweka sawa khanga yake.

"Haya. Basi nitunzie kuku wangu. Ni kumi na mmoja. Mwanawari ana mguu mbovu, usimlaze na wenzake, wanamdonoa. Nikirudi nitawakuta kwako."

"Nitawatunza, bibi," alisema Anzuruni. Alipewa cheti cha Shahidi Mwadilifu, chenye fremu, akakipeleka nyumbani.

*

Kuku wale aliwachukua siku hiyohiyo, akawaweka katika stoo yake, mlango wa mbao, kufuli. Asubuhi aliwamwagia pumba mwenyewe, hakumwachia Somoe. Mwanawari, yule mweusi mwenye mguu mbovu, alimtengea kikapu pembeni. Siku moja Somoe alipita nje ya stoo akasikia mumewe anaongea ndani, anamwambia mtu asimwage maji. Alisimama pale akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mchuzi ule wa bila chumvi.

Nchi nayo haikulala. Baada ya kesi ya Mtambalale ilionekana wazi kwamba taifa zima limejaa mbwa wa aina mpya, wembamba, wenye mikia mizito, wasio na wenyewe. Mlinzi Mkuu akaanzisha Operesheni Mjue Mbwa Wako. Mbwa yeyote wa namna hiyo akionekana kwenye ua wako, umwandikishe, umpe jina, umlishe mbele ya mkaguzi. Ukimfukuza, umetelekeza. Ukimpiga, umeua mbwa wa watu, yaani wako. Watu waliandikisha. Mtaa wa Anzuruni peke yake ulikuwa na Tumaini watatu na Amani wawili. Kuku walipungua, na redio ikatangaza kwamba ufugaji wa mbwa umepanda kuliko mwaka wowote.

Jumanne moja, jua la saa sita, Katibu Mchopa aliingia kwa Anzuruni na daftari. Kwenye kivuli cha banda tupu alilala mnyama, pua juu ya miguu ya mbele, hana wasiwasi. Siku hiyo alikuwa amefika tangu asubuhi, kama kawaida yake. Kuku wanne wa Somoe alikuwa amekwisha kuwamaliza wiki ile, na sasa alikuwa anautazama mlango wa stoo.

"Hodi wenyewe. Mbwa wenu huyu?"

"Wetu," alijibu Somoe haraka, kabla mumewe hajafungua mdomo, maana alimwogopea.

"Jina?"

"Hajapata bado."

"Leo amekula?"

"Bado."

"Sheria inataka nimwone akila. Kumnyima chakula ni kosa, nanyi mnalijua, kesi yake ilianzia kwa bwana huyu hapa."

Somoe alileta ugali wa jana kwenye sufuria. Mnyama alinusa, akageuza uso.

"Mbwa wa siku hizi hawali ugali," alisema Mchopa kwa upole. "Humo stoo nasikia kuku."

"Si wetu," alisema Anzuruni. Kilikuwa kitu cha kwanza alichosema siku ile. "Ni amana ya mtu."

"Mtu gani?"

"Bi Sikudhani."

Mchopa alipekua daftari lake mbele, akapekua nyuma, akafuata majina kwa kidole. "Hayumo. Kaya yake imefutwa. Kwa hiyo hao ni kuku waliookotwa, na kuku waliookotwa ni wa ua walimokutwa." Akafungua kalamu. "Kama hutaki, nijaze upande ule mwingine, wa waliotelekeza. Gari liko hapo barabarani."

Somoe alimshika mumewe mkono. Hakusema nenda wala usiende. Anzuruni akautoa mkono wake taratibu, akafungua kufuli, akaingia. Kuku kumi walikimbilia pembeni. Mwanawari hakuweza kukimbia, akabaki kwenye kikapu chake akimtazama kwa jicho moja, akidhani ni pumba. Ndiye aliyekuwa karibu. Akamshika mabawa, akatoka naye. Moyo wa yule kuku ulikuwa unadunda kwenye vidole vyake, na Anzuruni alisimama juani akingoja kitu kitokee kwenye bega, au kifuani, au popote. Mchopa naye alingoja, kalamu juu. Kisha Anzuruni akamrusha.

Mnyama alimdaka kwa ustaarabu.

"Anakula vizuri," alisema Mchopa, akiandika. "Nitapita tena Ijumaa."

"Karibu," alisema Anzuruni.

Alimsindikiza mpaka langoni, kama inavyopasa kwa mgeni, akarudi, akachota maji kwenye pipa, akanawa mikono. Somoe alikuwa ameketi kizingitini mwa stoo, analia bila kujificha, unyoya mweusi umemwangukia juu ya khanga.

"Bi Sikudhani akirudi," alisema, "tutamwambia nini?"

Anzuruni alikung'uta maji mikononi, akamgeukia mkewe.

"Nani?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.